Celestine Wabano, Aliyefundishwa Lugha ya Nyumbani na Mbwa

Mheshimiwa Chifu, Padri, wazee wetu, ndugu, jamaa na marafiki, na ninyi watoto wa darasa la pili mliokaa hapa mbele sakafuni, pamoja na wale waliokuja kwa ajili ya supu ya bata bukini na wanajijua, kwa niaba ya familia za Nakochee na Wabano nasimama kuwasomea historia fupi ya mpendwa wetu Celestine, ambaye mimi Leonard, mtoto wa mdogo wake Odile, nilimwita Mama Mkubwa, na yeye aliniita mbwa wa nyuma, kwa sababu mtakazozisikia. Aliagiza mwenyewe akiwa kitandani kwamba historia hii iwe na tarehe, isiwe na machozi mengi, na iishe kabla supu haijapoa, nami nitajitahidi kwa hayo mawili ya kwanza.

Marehemu alizaliwa tarehe 3 Machi 1950, katika kambi ya majira ya baridi ya wazazi wake, juu kabisa ya mto wetu, mbali na kijiji hiki cha Wapistan, hapa pwani ya magharibi ya Ghuba ya James, kaskazini mwa Kanada, akiwa mtoto wa kwanza wa Mzee Barnabe Nakochee, mwindaji, na Bi Agathe, ambaye naye alikuwa mwindaji hodari kuliko mumewe ila hakupenda jambo hilo lisemwe mbele ya mwanamume huyo. Inasimuliwa kwamba siku hiyo baridi ilikuwa kali kiasi kwamba chai iliganda kikombeni kabla mkunga hajaimaliza, mkunga akasusa, akasema mtoto huyu ajitoe mwenyewe, na mtoto akajitoa, na tangu siku hiyo marehemu hakuwahi kusubiri mtu amsaidie jambo analoliweza.

Sasa tunakuja kwenye elimu, neno ambalo kwa marehemu inabidi tulitazame kwa jicho la pembeni. Tarehe 6 Septemba 1956, akiwa na umri wa miaka sita, ndege ndogo ilitua mtoni mbele ya hema za wazazi wake, wakashuka ofisa wa serikali, askari, na padri mmoja, siyo huyu tuliye naye leo, huyu alikuwa bado hajazaliwa, kwa hiyo tumwache ale supu yake kwa raha. Wakasema watoto wote wa Kihindi, ndivyo walivyotuita wakati ule, wanatakiwa kwenda shule ya bweni ya kanisa huko kusini, na baba atakayemficha mtoto ataozea jela. Celestine hakuelewa habari za jela, alichoelewa ni kwamba atapanda ndege, akapanda kwa furaha zote, akakaa dirishani, akapunga mkono kwa nguvu akidhani atarudi wakati wa kula. Baba yake alikuwa ameinama anakagua kamba ya mtumbwi isiyokuwa na tatizo lolote, na mama yake alikuwa amesimama ukingoni, wima, mikono chini, hakupunga. Mama hakupunga, watoto, na hilo ndilo jambo ambalo marehemu alikaa nalo kifuani kwa miaka mingi kuliko umri wa walimu wenu.

Jina la shule ile aliagiza lisitajwe leo, akisema limeshatajwa vya kutosha na siku ya mazishi ni yake siyo ya shule. Yaliyompata huko mmekwisha kuyasikia kutoka kinywani mwake, jinsi walivyokatwa nywele siku ya kwanza, nguo za nyumbani zikatupwa motoni, wakapewa namba badala ya majina, na aliyesema neno moja la Kikri, lugha yetu ya nyumbani, alisuguliwa ulimi kwa sabuni, na marehemu, ambaye alikuwa na mdomo tangu tumboni, aliweza kutofautisha sabuni za aina zote kwa ladha tu, hata ukubwani akinunua sabuni dukani alikuwa akisema, "Hii haina mapovu mazuri, naijua vizuri sana." Hayo alikuwa akiyachekea. Lakini wako wenzake ambao hawakurudi, waliozikwa kule bila mama zao kuambiwa, na kwa hao hakuwa na mzaha hata siku moja, naomba nasi tunyamaze kidogo kwa ajili yao.

Asanteni. Alirudishwa Juni 1966, akiwa na miaka kumi na sita, hakuwahi kurudi kabla ya hapo, kwani familia ilikuwa mbali porini na kila kiangazi waliokuwa wakipanga safari za ndege walisema haiwezekani kumfikisha. Mama yake alimpokea palepale ukingoni, akamsemesha, na Celestine hakuambulia neno hata moja. Akajibu kwa Kiingereza, na mama naye hakuambulia. Wakasimama wanatazamana kama wageni wawili waliokosea nyumba, mpaka mama yangu Odile, ambaye wakati huo alikuwa na miaka minne na adabu ndogo, ndogo kama aliyonayo leo, akauliza kwa sauti, "Huyu nani? Mbona hajibu? Kwani kiziwi?"

Hapo ndipo ilipoanza elimu yake ya kweli. Ninyi mnatujua sisi watu wa pwani hii, tunaongea taratibu, mdomo nusu wazi, upepo usije ukaingia, na Bi Agathe alikuwa bingwa wa jambo hilo, akizungumza na watu ilibidi umwekee sikio mdomoni. Lakini akizungumza na mbwa wake wa kuvuta sleji juu ya theluji alipaza sauti, akatamka neno mojamoja, akalirudia, na uzuri wa maneno ya mbwa ni kwamba maana yake unaiona hapo hapo, ukisikia neno na mbwa wote wakalala, basi umejua kulala. Celestine aliona aibu kumwomba mama yake amfundishe kusema kama mtoto mchanga, wakati kuna mtoto mwingine wa miaka minne anamcheka, kwa hiyo akajitolea kuwalisha mbwa samaki kila siku, akakaa nao, akasikiliza. Majira ya baridi yalipofika alikuwa anajua njoo, simama, kulia, kushoto, lala chini, kula, acheni kugombana, na acha hiyo imeoza, na mimi nikiangalia vizuri naona kwa maneno hayo mtu anaweza kuendesha maisha karibu yote, ikiwemo mikutano ya baraza la kijiji.

Neno lake la kwanza la Kikri kwa mama yake lilitoka wakiwa mezani, Bi Agathe akiwa amechoka, ameshika kijiko bila kukitumia, na Celestine, kwa huruma yote aliyokuwa nayo moyoni, akamkemea, "Kula!" kwa sauti ileile ya kuwatisha mbwa. Bi Agathe akamtazama, akala kijiko kimoja, halafu akajifunika uso kwa kitambaa cha kichwa, mabega yakawa yanaruka, na Celestine akadhani amemliza, kumbe anacheka, wakacheka wote wawili mpaka mbwa huko nje wakaanza kulia wakidhani kuna safari.

Lakini swali lilikuwa palepale. Alitaka kumuuliza mama yake, kwa nini uliniacha niende, kwa nini hata mkono hukunipungia, na lugha ya mbwa haina swali, ina amri tu. Odile alipofika miaka saba, amekwisha kujua Kiingereza, akajitolea kuwa mkalimani kwa malipo ya peremende, na Celestine akamjibu, "Toka hapa! Hili nitauliza kwa mdomo wangu mwenyewe, hata kama itabidi nizeeke." Mama yangu anasema peremende zile zinamuuma mpaka leo.

Marehemu aliajiriwa tarehe 2 Juni 1969 kama mkalimani wa zahanati ya Wapistan, kazi aliyoipata kwa kuwa aliyemsaili hakujua Kikri na alipomwomba aseme chochote alisikia kitu chenye uhakika mkubwa. Daktari alikuwa akija kwa ndege kutoka kusini, mtu mpole sana, na mgonjwa wake wa kwanza siku ile alikuwa Mzee Thaddeus Koostachin, aliyekuwa na kikohozi. Daktari akasema kwa heshima zote, tafadhali mwambie mzee aketi, na kama hatajali, afungue kinywa ili nimtazame koo. Celestine akamgeukia mzee, akasema, "Kaa! Mdomo! Usiume!"

Mzee Thaddeus akakaa, akafungua mdomo, hakuuma. Uchunguzi ukaisha vizuri, daktari akasifu ushirikiano wa wenyeji, na mzee alipokuwa akivaa koti akamwambia taratibu, "Binti yangu, nimekuwa baba, nimekuwa babu, nimekuwa diwani, lakini mbwa wa mbele sijawahi kuwa. Leo umenipandisha cheo." Halafu akatoka nje, akaketi kwenye ngazi za zahanati, akacheka mpaka kikohozi kikarudi, ikabidi aingizwe tena, na safari hii Celestine akamwambia, "Kushoto!"

Ndugu waombolezaji, katika kijiji kingine mtu angechekwa hadi ahame. Hapa watu walicheka, tena sana, kucheka tunajua, lakini kesho yake Mzee Thaddeus alirudi zahanati akiwa mzima kabisa, akajifanya goti linamuuma, ili amfundishe namna ya kusema "tafadhali keti, mzee wangu." Baada yake akaja bibi mmoja na mgongo usiouma, akamfundisha majina ya ndugu wote wa upande wa mama, na wengine wakaja na masikio mazima na meno mazima, kila mmoja na neno lake mkononi, hata muuguzi mkuu akashtuka, akaripoti kusini kwamba Wapistan kuna mlipuko wa ugonjwa usiojulikana unaowapata wazee. Hivyo ndivyo lugha aliyonyang'anywa mtoto huyu ilivyorudishwa, kwenye foleni ya zahanati, na wagonjwa wasioumwa. Alifanya kazi hiyo hadi alipostaafu tarehe 30 Juni 2005, na wale wote aliowahi kuwaambia "Usiume!" wanajuana humu ukumbini, hawana haja ya kunyoosha mikono.

Kuhusu ndoa, marehemu alifunga ndoa takatifu na marehemu Norbert Wabano tarehe 12 Agosti 1972. Walikutana kwenye dansi, katika ukumbi huuhuu, fidla zinalia, yeye akitaka kumwambia kijana yule kwa upole kwamba wazunguke upande wa pili kwa sababu anamkanyaga, lakini moyo ulipomdunda maneno mapya ya wazee yote yakakimbia, yakabaki yale ya zamani, akapiga kelele, "Kulia! Kulia! Simama!" Norbert akaenda kulia, akasimama. Hadi anaaga dunia tarehe 19 Novemba 2011, alikuwa akiulizwa siri ya ndoa yao kudumu, anajibu, "Nilisikia simama, na hakuna aliyeniambia niondoke."

Walijaliwa watoto watatu, Rosalie, aliyezaliwa tarehe 8 Mei 1973, Gerard, tarehe 21 Januari 1976, na Delphine, tarehe 30 Oktoba 1980, wote aliwalea kwa Kikri, na hakuna aliyepelekwa mbali, aliapa. Mimi nililelewa nyumbani kwake nilipokuwa nikisoma, na ndipo nilipopewa cheo changu, kwani mbwa wa nyuma ni yule aliye karibu na sleji, anayekaza kamba pale tu anapoona wenzake wanatazama. Sipingi.

Sasa lile swali. Maneno alikuwa nayo tangu miaka ya sabini, kilichokosekana ni ubavu wa kuuliza, alipokuwa na ujasiri hakuwa na maneno, alipopata maneno ujasiri ukamtoka. Hatimaye Mei 1988, msimu wa bata bukini, shule zimefungwa kama kawaida na kijiji kizima kiko kambini, Bi Agathe akiwa ameshaanza kuumwa, marehemu alimfuata mama yake hemani walipokuwa wakinyonyoa bata, akatuambia sote tutoke. Tukatoka. Tukamwona bibi akienda kwenye sanduku la sleji, akarudi na kitu amekikumbatia, hema likafungwa, na baada ya muda mrefu sana Mama Mkubwa akatoka macho mekundu, manyoya kichwani. Mama yangu akamuuliza, "Umemuuliza? Kasemaje?" Akajibu, "Moshi huu jamani, mmeweka kuni gani?" Ndiyo ikawa imeisha. Bi Agathe alifariki Novemba mwaka huohuo, na katika familia yetu, yenye watu wasioweza kunyamaza hata kanisani, hakuna aliyethubutu kuuliza tena.

Baada ya kustaafu alianza kutembelea shule yetu ya Wapistan, na kila tarehe 30 Septemba, siku ya kuwakumbuka watoto wa shule zile, alivaa fulana ya rangi ya machungwa kama wenzake, huku akilalamika kwamba anafanana na koni ya barabarani. Sharti lake kwa walimu lilikuwa moja, mtoto asilizwe, maana alisema watoto wa shule ile walilia kwa ajili ya wote, zamu hiyo imekwisha. Darasa likipiga kelele alisema "Kaa! Tulia!" kwa lugha yake ya kwanza, darasa zima likakaa, na walimu watatu wamekwisha kuniomba niwaandikie maneno hayo.

Katika ziara hizo alikutana pia na ofisa mmoja wa serikali, kijana, aliyeletwa kuzungumzia maridhiano, ambaye alianza kumwomba radhi, sauti ikakatika, akamwangukia begani akalia kwa kwikwi, ikabidi marehemu ampigepige mgongoni, ampe chai, ampe mkate wa sufuria na jamu, na baadaye aliniambia, "Leonard, nimekwenda kuombwa radhi, nimerudi nimelea." Kijana alipotulia akamuuliza, bibi, mimi nifanye nini sasa, akamjibu, "Radhi nimepokea. Vikombe vile pale, osha." Akaosha. Mwaka uliofuata akaja tena, akaosha tena bila kuambiwa, halafu akaanza kukaa chini na kusikiliza, na leo amekuja kwa ndege ya asubuhi kwa nauli yake mwenyewe, mkisikia sufuria zinagongana huko jikoni ni yeye, msimsumbue.

Marehemu alianza kusumbuliwa na moyo mwezi Oktoba 2023, akatibiwa hapa zahanati, kisha akapelekwa hospitali mjini Timmins, ambako aliwafundisha wauguzi neno la Kikri la "usiume," na tarehe 9 Februari 2024, saa nne asubuhi, Odile akiwa ameshika mkono wake na kubishana naye kuhusu bingo ya redioni, alinyamaza katikati ya ubishi. Mama yangu anasema ndiyo mara pekee aliyowahi kumshinda, na angelipa chochote ashindwe.

Familia inatoa shukrani kwa madaktari na wauguzi, kwa rubani aliyesubiri ukungu utoke bila kununa, kwa majirani mliowasha moto wa matanga na mkauangalia usizimike, kwa wafanyakazi wa zahanati wa zamani na wa sasa, na kwa wazee wote waliowahi kujifanya wagonjwa.

Shukrani ya mwisho ni kwa Shaylene, wa darasa la pili, aliyekaa pale mbele, anyooshe mkono, ndiyo, huyo. Septemba iliyopita nilikuwa nimembebea Mama Mkubwa kiti chake hadi darasani, mama yangu Odile yuko mlangoni, na baada ya hadithi ya ndege Shaylene aliuliza, akimwita bibi kwa Kikri, "Kokom, sasa ulimuuliza mama yako kwa nini alikuacha? Akasemaje?" Mimi nikatazama dari. Mama yangu akashika mlango. Na Mama Mkubwa, aliyetunyima jibu hilo sisi wote kwa miaka yote hiyo, akavua miwani akamjibu, "Hakusema kitu, mjukuu wangu. Alikwenda akaleta gunia akalimwaga magotini kwangu. Mokasini, viatu vyetu vya ngozi. Kila mwaka nilipokuwa kule alinishonea jozi moja, anakisia mguu wangu umefika wapi, za mtoto wa miaka saba, za minane, mpaka za msichana mkubwa. Siku ile hakunipungia kwa sababu angeinua mkono angepiga yowe, na baba angekwenda jela. Kwa hiyo akashona, ndege isije ikanirudisha pekupeku."

Shaylene akauliza, "Zilikutosha?"

"Hata moja. Ile ya mwaka niliorudi niliijaribu palepale hemani, nikiwa mtu mzima, ikanipwaya. Zote alizikata kubwa. Mama alidhani kule wananilisha."

Mama yangu pale mlangoni akawa analia bila kujificha, kinyume na sharti. Shaylene akafikiri, akasema, "Ungeweka soksi." Mama Mkubwa akacheka mpaka nikamshika asianguke kitini.

Shaylene, asante kwa kuuliza. Nataka ujue kwamba moyo ulipomchoka miguu yake ilivimba, na jana tulipomvalisha, viatu vyote alivyokuwa navyo vilikataa, tukawa tumesimama tu hatujui la kufanya, mpaka mama yangu akaenda kuleta gunia, akatoa jozi ya mwisho, ile ya mwaka 1966. Iliingia yenyewe, mguu wa kulia na wa kushoto, ikamkaa sawasawa kama aliyepimwa, bila soksi. Amevaa hizo leo. Mtakaopita kumuaga mnaruhusiwa kutazama miguuni.

Mama Mkubwa, tumekusoma kama ulivyoagiza, tarehe zimo, machozi utusamehe. Nenda kapumzike salama kwa mama yako. Ataona mwenyewe kwamba alikata vizuri.